Salfosalti: Bingwa wa Kusumbua Wataalamu ni Nani?

Ukitaka kumpima mtaalamu wa fuwele, mpe salfosalti. Ni madini adimu ambamo salfa imefungamana na aseniki, antimoni au bismuthi, kisha ndani yake mkaingia risasi, fedha, shaba au thaliamu. Mtaalamu hupiga fuwele kwa eksirei, akasoma miale inavyotawanyika, ndipo akatamka kila atomu imekaa wapi. Tatizo ni kwamba eksirei hutambua atomu kwa wingi wa elektroni zake: thaliamu inazo 81, risasi 82, bismuthi 83. Nenda kawatenganishe hao!

Waliotangulia kwa sifa ni Linus Pauling na E. W. Neuman. Mwaka 1934 walichapisha muundo wa binaiti, iliyopewa jina la bonde la Binn nchini Uswisi na ambayo leo huitwa tenantiti. Fuwele yake ni ya umbo la mchemraba na pande zake zinalingana, kwa hiyo ilikuwa na huruma kidogo. Tenantiti hiyohiyo imo katika mawe ya shaba na zinki ya Kipushi, karibu na Lubumbashi.

Lakini bonde hilohilo la Binn lina mkaidi halisi: sartoriti, ya machimbo ya Lengenbach. Mwaka 1961 Yoichi Iitaka na Werner Nowacki walifumbua muundo wake wa wastani tu, na wenyewe hawakuficha; waliuita muundo bandia. Miale mikali ilikuwa imesomeka. Iliyobaki ni miale hafifu, inayoonyesha kwamba mpangilio wa kweli haujirudii kila hatua fupi bali baada ya hatua nyingi. Ilipofika 2017, Dan Topa, Emil Makovicky na wenzao walionyesha kuwa kilichodhaniwa kuwa kitu kimoja ni ukoo mzima. Heptasartoriti hujirudia kila hatua 7, eneasartoriti kila hatua 9, hendekasartoriti kila hatua 11. Kinachoamua ni thaliamu: inapokuwa nyingi, mzunguko hufupika. Yaani kiungo kidogo tu, ambacho zamani kingeitwa uchafu, ndicho kinachopanga nyumba nzima.

Kwa umbo la ajabu, silindriti ya Poopó nchini Bolivia, iliyoelezwa mwaka 1893, haina mpinzani. Tabaka zake za aina mbili hazilingani vipimo, basi hujikunja zikawa mirija inayoonekana kwa macho.

Kwa kazi kubwa kuliko kimo chake, nawatajia loranditi, madini mekundu ya thaliamu, aseniki na salfa kutoka Allchar, Makedonia Kaskazini. Muundo wake ulijulikana tangu 1959, lakini wanafizikia wanautaka mwili wake. Nutrino za Jua, chembe ndogo mno, zinapopita humo, hubadili baadhi ya atomu za thaliamu-205 kuwa risasi-205, na nishati inayohitajika ni ndogo kuliko ya kipimo kingine chochote cha nutrino za Jua kilichopendekezwa. Mawe hayo yamekaa ardhini kwa zaidi ya miaka milioni 4 yakiweka hesabu. Kuisoma hesabu hiyo ni kazi nyingine: ilibidi kusubiri hadi 2024 ndipo watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walipochapisha kwamba thaliamu-205 iliyovuliwa elektroni zote huoza nusu yake kwa takriban siku 291. Bila namba hiyo, hesabu ya loranditi isingesomeka.

Taji la jumla la utata wa muundo, hata hivyo, halimo katika ukoo wa salfosalti. Mwaka 2017 lilichukuliwa na ewingiti, madini ya urani kutoka mgodi wa kale wa Jáchymov, Ucheki, yenye utata unaokaribia mara mbili ya madini yaliyoifuata. Haki yake. Ila ewingiti ilitangazwa ikiwa imekwisha fumbuliwa. Sartoriti iliwachukua wataalamu miaka 56 kutoka muundo bandia hadi kutambulika kuwa ukoo mzima. Kwa ukaidi, taji ni la Lengenbach.