Rabai: Kanisa la Kale Kando ya Msitu wa Kaya



Mara kwa mara sharika hutuuliza ni wapi vijana wanaweza kujifunza historia ya Injili katika Afrika Mashariki na papo hapo kuona mazingira yaliyotunzwa. Tunapendekeza Rabai nchini Kenya, kama kilomita 25 kutoka Mombasa. Lakini kabla ya kukodi basi, ni vema kuelewa mgeni anaingia mahali pa namna gani.

Historia kwa ufupi

Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg, Ujerumani, alitumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, CMS, akafika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, naye mtu wa Württemberg, wakafungua kituo Rabai. Akitokea hapo, Rebmann alisafiri bara na kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Leo pana kanisa la Mtakatifu Paulo la Waanglikana na makumbusho yenye jina la Krapf.

Tusisahau kwamba wamisionari hao walikuwa wageni. Wazee wa Rabai ndio waliowaruhusu kukaa, nao tayari walikuwa na mahali pao patakatifu, yaani Kaya.

Kaya ni nini?

Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu, yenye makaburi ya wahenga na mahali pa maombi. Watu walipohamia nje, msitu ulibaki mikononi mwa wazee. Uzio wake ulikuwa makatazo: kutokata miti, kutolisha mifugo, kutopita nje ya njia. Ndiyo sababu mashamba yalipoenea pande zote, misitu hii ilisalia.

Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuziweka Kaya chini ya sheria ya kulinda mambo ya kale. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya misitu hiyo, pamoja na ya Rabai, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila zenyewe ziliwekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu ardhi inagombaniwa na maisha yanabadilika. Sheria yaweza kuzuia shoka, lakini haiwezi kumpatia mzee mrithi.

Mgeni afanyeje?

Kwanza, aombe ruhusa. Aanzie kwenye makumbusho, wala asiingie msituni bila mwongozaji aliyekubaliwa na wazee.

Pili, afuate masharti. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, ambako wenyeji wamezoea kupokea wageni, kila mgeni hufungwa kaniki kiunoni na haruhusiwi kutoka na kitu chochote, hata jani.

Tatu, achunge ulimi. Katika Kaunti ya Kilifi, ilipo Rabai, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Kiongozi wa kundi anayewaita wazee wa Kaya wachawi mbele ya vijana anachochea moto ambao hatakuwepo kuuzima. Imani yetu haipungui tukisikiliza kwa heshima.

Nne, alipe inavyostahili. Kiingilio, posho ya waongozaji na chakula kutoka kwa akina mama wa hapo viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Tunawaomba wafadhili wasivihesabu kuwa gharama za ziada. Mwenyeji anayefaidika na msitu ana sababu ya kuulinda.

Vijana wakirudi, kamati iwape kazi moja: watembelee chanzo cha maji au kichaka cha kale kilicho karibu na usharika wao, wawaulize wazee kililindwaje, na waandike majibu. Katika sharika nyingi wanaojua jambo hilo wamebaki wachache. Tusingoje mpaka wawe wametutoka.