Jioni ya Bamvua Mlangoni mwa Ghuba ya Tungue

Ukitaka kusafiri kwa chombo kidogo katika Ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, usiulize upepo peke yake. Uliza kwanza mwezi umeandama lini.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na tena jioni, kisha huanza kutoka. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yote hayo hutafuta njia ya kwenda nje, baina ya rasi ya Delgado na kisiwa cha Tecomaji na katika milango ya miamba. Alfajiri ni neema: umande unavuma kutoka bara, maji nayo yanatoka, dau linateleza. Jioni mambo hugeuka. Upepo wa baharini ulioshika nguvu tangu adhuhuri bado unasukuma mawimbi kuelekea mji wa Palma, na maji ya ghuba yanakuja kuyakabili.

Wimbi likikutana na mkondo wa namna hiyo hubanwa. Mwendo hupungua, migongo husogeleana, kimo hupanda. Wimbi la kimo cha mita 1, lenye mita 20 toka mgongo hadi mgongo, hukiinua chombo na kukishusha taratibu. Likibanwa hadi mita 8, kimo kikizidi kidogo tu, linavunjika, kwa sababu wimbi halihimili kimo kinachopita takriban sehemu moja ya saba ya urefu wake. Na upepo haukuongezeka hata chembe.

Anayerudi kutoka kuvua ndiye aliye hatarini zaidi. Upepo uko nyuma yake, macho yake yanaona migongo ya mawimbi, na migongo ni laini; povu liko upande wa pili, unaotazama bara. Akilisikia, tayari yumo mlangoni.

Shehena huzidisha balaa, maana ukingo ukiwa karibu na maji hata wimbi dogo huingia. Aprili 2024, chombo kilichojaa kupita kiasi kilizama kikitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji, na watu zaidi ya 90 wakafa.

Manahodha, siku za bamvua ingieni ghubani kabla ya saa kumi jioni. Nanyi abiria, nahodha akikataa kung'oa nanga saa hizo, msimhimize. Laleni Palma, mwondoke na umande.