Hatari inayojificha baada ya upasuaji wa tezi ya shingo

WAGONJWA wengi wanaoondolewa tezi ya thairoidi shingoni, iwe ni kwa sababu ya rovu au saratani, huhofia kisu na kovu. Ni wachache wanaojua kwamba nyuma ya tezi hiyo zimejibanza tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele.

Hizo ndizo parathairoidi. Hutoa homoni inayodhibiti kalisiamu katika damu, madini yanayotegemewa na misuli, neva na moyo. Wakati wa upasuaji, zaweza kujeruhiwa, kukatikiwa na damu au hata kuondolewa bila kukusudia. Hapo kiwango cha kalisiamu hushuka.

Hata hivyo, hatari hiyo haiwakabili wagonjwa wote kwa kiasi sawa. Anayeondolewa thairoidi nzima yumo hatarini zaidi kuliko anayeondolewa upande mmoja, kwani parathairoidi za upande wa pili haziguswi. Hatari huzidi pia ikiwa saratani imelazimu tezi za limfu za katikati ya shingo ziondolewe, ikiwa mgonjwa aliwahi kupasuliwa mahali hapo, au ikiwa anaugua maradhi ya Graves. Upungufu wa vitamini D nao huchangia, sawa na kupasuliwa na daktari asiye na uzoefu mwingi wa kazi hiyo.

Dalili hujitokeza katika siku chache za kwanza, pengine mgonjwa akiwa amekwisha kurejea nyumbani. Huanza kwa ganzi au hisia ya kudungwadungwa midomoni na vidoleni, kisha misuli hukakamaa. Zikipuuzwa, mgonjwa aweza kupatwa na kifafa, koo kubana au moyo kupoteza mpigo wake wa kawaida. Asingoje hadi kesho. Arudi hospitalini mara moja.

Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi kadhaa. Wachache hulazimika kutumia tembe za kalisiamu na vitamini D maishani mwao mwote.

Wahenga walinena, tahadhari kabla ya athari. Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, muulize daktari: Je, ni lazima tezi yote iondolewe? Vitamini D yangu imepimwa? Na kalisiamu itapimwa lini baada ya upasuaji?