Ukuta Huokoa Kiwanja, Ufuko Huangamia

Ye yote aliyekaa Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ajua kwamba ufuko si kitu kilichosimama. Wakati wa Kusi mawimbi huuchukua mchanga kwenda kaskazini, na Kaskazi hurudisha sehemu yake. Mchanga huo nao mwingi huletwa na mito midogo itokayo bara, kama Tegeta na Mbezi, hasa mvua za masika zinaponyesha.

Sasa tazameni tulivyofanya. Mji ulipopanuka, watu walishuka mitoni kwa majembe na malori wakauchota mchanga ule ule kujengea nyumba, usifike baharini. Matumbawe yaliyokuwa yakivunja nguvu za mawimbi yalipigwa baruti na wavuvi, na mengine yakachomwa chokaa. Wakati huo huo mahoteli na majumba yakasogezwa hadi ukingoni. Bahari ilipoanza kula, wenye mali wakakimbilia zege.

Wimbi lipandapo ufuko mtupu hutambaa, likachoka, likaacha mchanga wake. Ligongapo ukuta halina pa kuchokea. Hurudi kwa nguvu likikwangua mchanga ulio chini ya msingi. Nyuma ya ukuta kiwanja husalimika. Mbele yake ufuko hupungua, hata maji yakijaa hapana pa kukanyaga. Na yale maboma ya mawe yatokezayo baharini huunasa mchanga kweli, lakini ni ule uliokuwa ukimwendea jirani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Wenye tamaa husema hiyo ni ardhi iliyopotezwa bure. La, hasha! Ndiyo nafasi ya ufuko kurudi nyuma bahari isogeapo.

Siku moja ya bamvua niliwachukua wanafunzi wangu pwani, tukakosa pa kusimama. Nikamwuliza mwenye ukuta mmoja kwa nini alijenga. Akajibu, "Mwalimu, jirani yangu wa kusini alijenga kwanza, ningengoja nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kaskazini ya ukuta wake palikuwa na diko la wavuvi, nao walikuwa wamekwisha kuzivuta ngalawa zao hadi chini ya minazi, ambayo mizizi yake ilikuwa nje.