Mikufu ya karatasi: maji yanapitia wapi, na namna ya kuyafungia mulango



Katika koperative nyingi tunazotembelea huku Kivu, wamama wameongeza kazi moja pembeni ya shamba: wanaviringisha karatasi za kalenda na za magazeti ya zamani, wanatengeneza shanga, kisha wanaziunga kuwa mikufu, bangili na hereni. Hii kazi haiombi shamba wala mbolea, na inaingiza franga katika ile miezi ambayo maharagi yangali shambani na kahawa haijaiva. Ndiyo sababu tunaizungumzia katika gazeti la wakulima.

Lakini iko na adui mumoja: maji. Mwaka uliopita wamama wa koperative moja ya Kalehe walipata komande ya mikufu 60 toka kwa muuzaji wa Goma. Walifanya kazi mwezi muzima. Mikufu ikasafiri kwa boti juu ya ziwa, ndani ya kartoni, katika mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha karibu kila siku. Ilipofika, shanga zilikuwa zimeshikana moja na ingine, na zingine zilikuwa zimevimba na kufunguka kwenye vichwa. Muuzaji akarudisha zaidi ya nusu. Katika mukutano mukubwa, wababa wengine wakasema kese ya koperative isitoe tena franga kwa kazi ya karatasi. Mama mumoja akasimama, akatugeukia sisi: "Verni tulipaka, tena ya bei. Sasa maji ilipitia wapi?"

Ni ulizo la haki, na sisi tulikuwa na deni ya kulijibu, sababu ni sisi tuliowaambia kwamba kupaka verni mara moja kwa burosi kunatosha. Tulikosea. Tukakaa pamoja nao, tukapasua kwa wembe shanga zilizoharibika, tukatazama ndani. Maji yalikuwa na milango mitatu, na mulango mukubwa kuliko yote haukuwa mvua ya ziwani. Katika shanga nyingi, maji yalikuwa ndani tangu siku ya kwanza.

KWA NINI KARATASI INAOGOPA MAJI

Karatasi ni nyuzi ndogo sana za miti zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Zikiwa kavu zinashikana kwa nguvu. Maji yakiingia katikati yao, zinavimba na kuachana. Kole nyeupe ya maseremala, ile wengi wanatumia, nayo inalainika ikilowa, hata kama ilikuwa imekauka vizuri. Basi ushanga uliolowa unapoteza nguvu mara mbili: karatasi inavimba, na kole inaachilia.

Tazama tena kichwa cha ushanga, pale penye tundu. Utaona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Kila duara ni njia ndogo ya maji. Seremala anajua kwamba ubao unakunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Ushanga ni vile vile.

Karatasi nazo hazifanane. Zile za kalenda na za magazeti yenye kungaa zinafaa, sababu wino wake wa kiwanda hautoki upesi kwa maji. Karatasi iliyopigwa kwa mashine ndogo ya ofisi yenye wino wa maji, ao iliyochorwa kwa feutre za watoto, inaweza kutoa rangi kwenye shingo na nguo ya mununuzi. Mbele ya kukata, weka tone moja la maji juu ya karatasi, ngoja kidogo, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi, ile karatasi usiitumie. Fanya jaribio lile lile kwa tone la verni, sababu kuna wino unaovumilia maji lakini unakimbia verni.

MULANGO WA KWANZA: MAJI YALIYOFUNGIWA NDANI

Hapa mukulima hahitaji mwalimu. Nani kati yetu anaweza kufunga mahindi mabichi ndani ya mufuko, ashone mudomo, kisha ashangae kukuta ukungu? Ushanga uliopakwa verni mbele haujakauka ni ule mufuko. Kole nyeupe iko na maji ndani yake. Ukiifunika na verni, yale maji hayana tena pa kutokea. Yanabaki katikati ya karatasi, yanailainisha, yanaleta ukungu, na mwisho yanasukuma verni mpaka inapasuka ao inakuwa nyeupe kama maziwa.

Kwa hiyo:

– Paka kole kidogo, kwa urefu wote wa ukanda wa karatasi, ila ile sehemu ya kwanza inayogusa rayo ya kinga ao kijiti cha kuviringishia. Kole nyingi haiongezi nguvu, inaongeza maji.
– Viringisha kwa kukaza. Ushanga uliolegea unaacha nafasi ambamo maji yanalala.
– Kausha kwenye kivuli chenye upepo, juu ya kitu kilichoinuka. Koperative za kahawa ziko na vitanda vya kukaushia; kitambaa kisafi juu yake kinatosha. Jua kali linapausha rangi. Jikoni kuna mvuke na moshi.
– Katika kiangazi, siku mbili zinaweza kutosha. Katika majira ya mvua, ngoja siku nne ao tano, na usiku ingiza shanga ndani ya nyumba.

Namna ya kuhakikisha: chukua shanga kumi, ziweke ndani ya chupa kavu ya glasi inayoonekana ndani, funga kizibo, weka chupa kwenye jua kwa saa moja, kisha irudishe kwenye kivuli. Ukiona ukungu wa maji kwenye ukuta wa chupa, shanga hazijakauka. Hakuna kupaka verni siku hiyo, hata kama mununuzi anapiga simu.

MULANGO WA PILI: TUNDU, VICHWA NA UZI

Wamama wa Kalehe walipaka ubavu wa nje vizuri sana. Ulingaa. Lakini burosi haifiki ndani ya tundu, na vichwani inapita haraka. Tena walitumia uzi wa pamba. Uzi wa pamba unafanya kazi ya utambi wa taa: unakunywa jasho ao maji ya mvua shingoni, unayapeleka mpaka ndani ya tundu, kule ambako verni haikufika. Mutu anaona mukufu unangaa inje, kumbe unaoza toka ndani.

Dawa yake ni kuchovya. Tunapendekeza hivi:

1. Panga shanga 10 mpaka 15 kwenye waya mwembamba, zikiachana kidogo.
2. Zamisha waya wote ndani ya kopo ya verni, hesabu mpaka tano, inua.
3. Acha verni inayozidi ichuruzike ndani ya kopo. Sogeza shanga kwenye waya, kwenda na kurudi, ili tundu zisizibe na shanga zisishikamane na waya.
4. Simamisha waya ndani ya kopo ingine iliyojaa muchanga, mahali pasipo vumbi.
5. Verni ikikauka na isiponata tena kwenye kidole, rudia. Mara tatu kwa jumla.

Mara tatu nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito. Verni nzito inakauka juu na kubaki mbichi chini, kama uji ulioweka ngozi. Tena kila tabaka linafunika vitundu vidogo ambavyo lile la kwanza limeacha. Muda wa kungoja kati ya tabaka umeandikwa kwenye kopo. Wakati wa mvua, uzidishe mara mbili.

Kwa kuunga, acheni uzi wa pamba. Huku ziwani wavuvi wako na uzi wa nailoni, na haunywi maji kama ule wa pamba. Katikati ya shanga mbili za karatasi wekeni kashanga kadogo ka glasi ao ka plastiki, ili za karatasi zisisuguane. Pale zinaposuguana, verni inaisha, na mulango unafunguka upya.

MULANGO WA TATU: HARAKA YA KUFUNGA MUZIGO

Ile mikufu ya Kalehe ilifungwa ndani ya kartoni kesho yake ya kupaka verni. Kwa kidole ilikuwa kavu. Lakini kukauka kwa kidole si kukomaa. Verni inaendelea kuwa ngumu siku nyingi kisha kupakwa. Ukiibana mapema, kwa joto na kwa uzito, inashikana na jirani yake. Ukiivuta, ngozi inatoka na karatasi inabaki uchi. Tunashauri mikufu itundikwe wiki mbili mbele ya kufungwa. Kama komande iko ya tarehe 30, kazi ya verni iishe tarehe 15.

Kisha fungeni kila mukufu peke yake ndani ya karatasi kavu, na vyote ndani ya ndoo yenye kifuniko ao ya plastiki iliyofungwa vizuri. Kartoni peke yake si kitu juu ya boti: nayo ni karatasi.

VERNI GANI?

Tutumie verni yenye haina rangi, ya mbao, ile inayouzwa kwenye kenkayeri, na tuangalie kama kwenye kopo wameandika kwamba inavumilia maji. Ile ya mafuta inashika nguvu sana lakini inageuka manjano kidogo kwa muda. Ile ya maji haina harufu kali na inabaki nyeupe, lakini ya kwanza mupake kidogo, isilowanishe karatasi.

Kuna wanaopaka ile kole nyeupe na maji juu, sababu ikikauka inangaa. Hiyo si verni. Inarudi kulainika siku ya mvua ya kwanza.

Koperative zenye mizinga zinatuuliza juu ya nta ya nyuki. Inazuia maji kweli. Iyeyusheni ndani ya sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, hapana moja kwa moja juu ya moto. Lakini nta ni laini, inashika vumbi, na verni haishiki juu yake. Muchague moja: nta ao verni.

Angalisho kubwa: verni ya mafuta na ile dawa ya kuipunguza vinawaka upesi, hata mvuke wake. Mufanye kazi inje, mbali na mbabula, na sigara, na watoto. Wamama wenye mimba wafanye kazi ya kukata na kuunga, waachie wengine verni. Vitambaa vilivyolowa verni musivirundike ndani ya nyumba: vitandazwe inje vikauke, sababu vinaweza kupata moto vyenyewe.

JARIBIO LA GLASI

Mbele ya kutuma komande, chukueni shanga tatu za kila kundi lililochovywa siku moja. Ziwekeni ndani ya glasi ya maji kwa robo saa. Zipanguse na kitambaa cheupe, kisha zipasueni kwa wembe. Kitambaa kikiwa cheupe na ndani kukiwa kukavu, tumeni. Karatasi ikiwa imelowa karibu na tundu, kundi lote lirudi kwenye kopo ya verni, kisha kukaushwa tena. Mutapoteza shanga tatu. Wale wa Kalehe walipoteza zaidi ya mikufu 30.

TUMWAMBIE MUNUNUZI UKWELI

Hata mukufu uliofanywa vizuri unavumilia matone ya mvua na jasho, hauvumilii kuoga. Musimwambie mununuzi kwamba hauogopi maji. Pamoja na kila mukufu muweke kakaratasi kadogo: "Nitoe mbele ya kuoga, kufua na kuogelea. Usinipulizie marashi. Nikilowa, nipanguse, unitundike kwenye kivuli, usiniweke karibu na moto." Kule Kampala, katika mutaa wa Acholi Quarter, wamama waliokimbia vita ya kaskazini ya Uganda wamejulikana kwa shanga za karatasi mpaka inchi za mbali. Mununuzi wa Goma anaweza kuzipata. Akirudi kwetu, itakuwa juu ya kazi nzuri na neno la kweli, si juu ya huruma.

Mwisho, hesabu. Andikeni bei ya verni, uzi na waya, mugawanye kwa hesabu ya mikufu, na muongeze ile siku za kungoja. Bei ya mukufu itapanda kidogo. Muioneshe kese na mukutano wazi wazi, ili kila mutu aone kwamba ile franga kidogo ndiyo inayolinda ile kubwa.

Wamama wa Kalehe walirudi kwa yule muuzaji na mikufu 20 ya kujaribu, iliyochovywa mara tatu na kutundikwa wiki mbili. Hakuna hata mumoja uliorudi. Na katika mukutano uliofuata, kese ilitoa tena franga ya verni.

Kazi njema, na mutuandikie namna ilivyoenda kwenu.