Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi

Akina mama wenzetu, hakuna nyumba iliyo ndogo kwa yule aliyeijenga. Yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, huko Mbagala, Dar es Salaam. Tuliijenga kidogo kidogo, kwa mshahara wa baba na maandazi ya mama. Mwaka 2019 baba alihamishiwa Dodoma, kama watumishi wengi wa serikali tangu uhamisho ulipoanza mwaka 2016. Kwa miaka mitatu tukawa na makazi mawili: baba huko, mama na watoto huku. Nauli zilitumaliza, na mtoto wetu wa mwisho alianza kujificha baba yake alipokuja, kama anavyojificha akiona mgeni. Ndipo tukaamua kuuza, ili sote tuishi chini ya paa moja.

Tulidhani kazi ni kumwita dalali tu. Kumbe maandalizi yalituchukua miezi miwili, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, maelewano

Leseni ya makazi ilikuwa na jina la baba peke yake. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tuliketi tukakubaliana bei, na bei ya chini kabisa ambayo tusingeishuka. Kisha tukawaeleza watoto kabla wageni hawajaanza kuchungulia vyumba vyao. Mmoja aliuliza nani atakula maembe ya mwembe wetu. Hatukumcheka. Tulimwambia ukweli, kwamba watakula watoto wengine.

Punguzeni, safisheni, rekebisheni

Nyumba ndogo huonekana finyu kwa sababu ya vitu vilivyojaa. Makochi yetu yalikuwa makubwa kuliko sebule. Mawili tuliyapeleka kwa shangazi. Tulibandua kalenda za zamani ukutani, tukagawa nguo zisizovaliwa, tukatoa madumu na mbao zilizorundikwa uani. Mara sebule ikapumua.

Baadaye tulifanya kazi zisizo na gharama kubwa: tulibadilisha vioo viwili vya luva vilivyovunjika, tukakaza bawaba za milango, tukaziba wavu wa mbu, tukarekebisha bomba lililokuwa likidondosha maji. Choo tulikisugua hadi kikang'aa, maana mnunuzi mwenye mke hataondoka bila kukiona. Rangi tulichagua nyeupe, kwa kuwa huongeza mwanga katika chumba kidogo. Hatukuweka dari mpya wala vigae. Matengenezo makubwa yangetula fedha ambazo pengine mnunuzi asingezirudisha.

Ukuta wa chumbani

Lakini kulikuwa na ukuta mmoja. Wakati wa kujenga tulibana matumizi, hatukutandika nailoni juu ya msingi ya kuzuia unyevu. Matokeo yake maji ya ardhini hupanda kwenye tofali yakibeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuibabua plasta. Kila masika ukuta ulimomonyoka.

Fundi mmoja alitushauri tupake rangi nzito, tuuze haraka wakati wa kiangazi. "Mpaka Machi mtakuwa mmeshafika Dodoma," alisema. Tunakiri kwamba tulishawishika. Usiku ule hatukulala vizuri. Tulimfikiria mama mwingine akilaza mtoto wake kando ya ukuta ule, mvua ikinyesha.

Asubuhi tulimwita fundi mwingine. Alibandua plasta iliyooza, akauacha ukuta ukauke kwa majuma kadhaa, akapiga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na kuchimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali na msingi. Alituonya kwamba unyevu utapungua, lakini huenda usiishe kabisa. Nasi tuliamua kumwambia hivyo kila atakayekuja.

Mnunuzi wa kwanza alisikia, akaaga, hakurudi. Dalali alitununia. Mwezi mzima ulipita bila mtu, tukaanza kujilaumu.

Karatasi na fedha

Muda huo tuliutumia kupanga karatasi: leseni ya makazi, mkataba wa kununua kiwanja, stakabadhi za kodi ya ardhi. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU, nayo tuliihakiki. Mkataba wa mauzo uandikwe mbele ya wakili, mume na mke mkitia sahihi, pamoja na mashahidi wa pande zote mbili. Fedha zipite benki. Karatasi halisi zisitoke mkononi kabla malipo hayajakamilika. Na mama asibaki peke yake na watazamaji asiowajua; jirani awepo.

Hatimaye walikuja vijana waliooana karibuni. Tuliwaonyesha ukuta kabla hawajauliza. Walirudi na fundi wao, wakaomba tupunguze bei kidogo, tukapunguza. Haikushuka chini ya ile tuliyokubaliana.

Masika yaliyofuata simu ililia Dodoma. Alikuwa yule binti. Mioyo ilitudunda. Alisema ukuta una alama ndogo ya unyevu chini, kama tulivyomwambia, na kwamba mwembe umechanua. Tulimshukuru, kisha tukaketi kula, baba akiwa mezani.