Kifuniko Kigumu cha Chupa ya Dawa

Umetoka hospitali na chupa ya vidonge. Umefika nyumbani, unazungusha kifuniko, nacho chazunguka bure bila kufunguka. Unakasirika, unatafuta kisu. Ngoja kwanza! Kifuniko hicho hakikuharibika. Kimetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili mtoto mdogo asiweze kukifungua.

Katika mji wa Windsor, nchi ya Kanada, alikuwako daktari wa watoto, jina lake Henri Breault. Alihuzunika kuona watoto wengi wakiletwa kwake kwa sababu wamemeza dawa za wazazi wao. Kwa bidii yake, katika mwaka 1967 kilipatikana kifuniko kinachotaka kazi mbili pamoja: kusukuma chini na kuzungusha. Mtu mzima aweza. Mtoto mdogo hushindwa.

Ndani yake mna vifuniko viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu huzunguka peke yake mpaka ukisukume chini. Ndipo hukishika cha ndani na kukigeuza.

Basi, fanya hivi:

1. Simamisha chupa juu ya meza.
2. Weka kiganja juu ya kifuniko, usukume chini kwa nguvu.
3. Usiache kusukuma, zungusha kwenda upande wa kushoto.
4. Kikiteleza, kishike kwa kitambaa kilicholowa kidogo.
5. Kama dawa tamu ya maji imekigandisha, kizungushie kitambaa chenye maji ya moto kidogo. Tangu siku hiyo, pangusa mdomo wa chupa kabla ya kuifunga.

Watu wengine hukata kifuniko cha juu kwa kisu. Kisu huteleza na kuumiza mkono, na kifuniko cha ndani kikibaki peke yake, mtoto hukifungua upesi. Wengine humimina vidonge katika karatasi au chupa nyingine. Hapo jina la dawa na kipimo chake hupotea. Usifanye hivyo.

Lakini nyanya mwenye maumivu ya vidole afanyeje? Asikose dawa yake. Wakati wa kupokea dawa, amwambie muuguzi, aulize kama kuna kifuniko cha kawaida. Akipewa, chupa hiyo ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo usiachwe mahali ambapo mjukuu aweza kuufikia.

Hata kifuniko kigumu humchelewesha mtoto tu. Akipata nafasi ya kutosha, aweza kukifungua. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mwenye mimba, mtoto huvidhani kuwa peremende. Navyo vyaweza kumwua. Kwa hiyo funga chupa kila mara, kisha uiweke juu, mbali na macho yake.

Mtoto akimeza dawa, usimtapishe. Usingoje mpaka augue. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa ili mganga ajue amekula nini. Hata kama ametapika mwenyewe na anaonekana mzima, mpeleke tu, maana ubaya wa dawa nyingine hurudi baada ya saa kadhaa.

Leo jioni, angalia nyumbani mwako: chupa ya dawa iko wapi, na nani aweza kuifikia?